Mzizi wa Ziwa Unaotafuta Mkulima

Mkolani ni kata ya Nyamagana iliyokaa kwenye barabara ya Shinyanga, ukishapita Nyegezi na kabla hujafika Buhongwa. Kama ilivyo katika viunga vyote vya Mwanza vinavyokua kwa kasi, dawa huku huuzwa kwa namna mbili. Kuna duka lenye kabati la kioo, na ndani ya kabati boksi la vidonge vya ginseng lenye picha ya mzizi wenye miguu kama mtu. Halafu kuna meza ya muuza mizizi, magome na unga, aliyekaa chini ya mwavuli akimwita kila kijana anayepita "mjomba" na kila mwenye mvi "mzee wangu". Boksi la dukani linataja jina la mmea, nchi ulikotoka, kiasi kilichomo katika kila kidonge na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mzizi wa mezani hutajwa kazi yake tu, na kazi hiyo mara nyingi ni nguvu za kiume.

Wanunuzi wengi huamini kwamba bei ya boksi iko juu kwa sababu mzizi wa ng'ambo una nguvu kuliko wa kwetu. Mimi siamini hivyo. Ukiifuatilia historia ya ginseng ya Marekani utaona kwamba kilichoipandisha bei ni watu: mkulima aliyekubali kusubiri, mnunuzi aliyejua kuchagua, na serikali iliyoamua nani achimbe nini na lini. Mzizi wetu wa ukanda wa Ziwa, ambao Wakenya huuita mkombero, Waluo ogombo na Waganda mulondo, unasifiwa karibu mambo yale yale. Watu hao watatu ndio bado haujawapata.

Tuanze na wenzetu, maana kisa chao kina mafunzo mengi kuliko matangazo yao.

Ginseng ya Marekani ni mmea mfupi wa msituni, haupiti sana goti la mtu mzima. Huota kwenye kivuli cha miti mikubwa kuanzia Quebec, Kanada, hadi milima ya Appalachia huko Marekani. Wataalamu huuita Panax quinquefolius. Wenyeji wa misitu hiyo waliutumia kwa tiba zao muda mrefu, lakini biashara yake kubwa ilianza kwa barua ya padri. Mwaka 1711 Mjesuiti Pierre Jartoux, aliyekuwa China, aliandika kuhusu ginseng aliyoiona huko, akakisia kwamba kama kuna nchi nyingine duniani yenye mmea huo, basi ni Kanada. Mjesuiti mwenzake, Joseph-François Lafitau, aliisoma barua hiyo akiwa Kanada kwenyewe. Mwaka 1716, kwa msaada wa Wamohawk alioishi nao karibu na Montreal, aliupata. Haukuwa ule ule wa China, ila ni ndugu wa damu.

Wachina waliukubali, na Wafaransa wa Kanada wakachangamkia. Ilipofika mwaka 1752 bei ilikuwa imepanda kiasi kwamba watu walikimbilia msituni kwa wingi kuchimba. Wakachimba kabla ya msimu. Badala ya kuanika mizizi kivulini kwa wiki kadhaa, wakaikausha harakaharaka kwenye tanuri. Shehena zilipofika Guangzhou, wanunuzi waliigusa, wakainusa, wakaikataa. Kufikia mwaka 1754 biashara ilikuwa imeporomoka, na misitu iliyokuwa jirani na makazi ilikuwa imekwisha kuchokorwa. Mmea wenyewe haukuwa umebadilika. Uvunaji na ukaushaji wa pupa ndio ulioiua biashara.

Wamarekani waliinuka baadaye. Februari 1784 meli iitwayo Empress of China iling'oa nanga New York, ikiwa meli ya kwanza ya taifa hilo jipya kwenda kufanya biashara China. Bidhaa yake kuu ilikuwa ginseng, karibu tani 30. Yaani nchi ambayo leo inauzia dunia ndege na kompyuta ilianza biashara yake na China kwa kuuza mizizi ya porini.

Mizizi ya porini nayo ina mwisho. Katika miaka ya 1880 mtu mmoja wa jimbo la New York, George Stanton, alianza kuihamishia kwenye matuta. Mwaka 1904 ndugu wanne wa familia ya Fromm, wa kijiji cha Hamburg katika jimbo la Wisconsin, nao walipanda yao, wakapata faida ya kutosha kufadhili ndoto yao halisi, ambayo ilikuwa kufuga mbweha kwa ajili ya manyoya. Wilaya yao ya Marathon mpaka leo ndiyo kitovu cha ginseng ya shambani ya Marekani.

Na kilimo chenyewe si cha mwenye haraka. Mbegu ikivunwa haichipui kwanza. Inakaa kwenye mchanga wenye unyevu kwa mwaka mmoja na nusu hivi, ikipitia baridi, joto na baridi tena. Shamba lote hufunikwa kwa paa la mbao nyembamba au turubai la kitambaa, kwa sababu mmea unataka jua robo tu au chini ya hapo. Juu ya udongo hutandazwa majani makavu. Mkulima huvuna baada ya miaka mitatu hadi mitano. Na akishavuna, ardhi ile haifai tena kwa ginseng, maana magonjwa ya udongo huishambulia ginseng yoyote itakayopandwa tena pale. Anahamia shamba jingine.

Mzizi wa porini una bei yake ya peke yake. Mnunuzi mzoefu anautambua kwa rangi iliyokolea, mikunjo ya mviringo iliyosongamana kama pete, na shingo ndefu yenye makovu. Kila mwaka shina la juu hufa na kuacha kovu moja shingoni, kwa hiyo ukiyahesabu makovu unapata umri wake. Mzizi mnene, mweupe, laini, wenye shingo fupi, huo ni wa shambani. Bei ya ule wa porini hufika mamia ya dola kwa ratili moja ya mzizi mkavu, wakati wa shambani huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Sheria ikaja kufunga mlango. Mwaka 1975 ginseng ya Marekani iliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tangu hapo mzizi wa porini hausafirishwi nje bila kibali, na usipotimiza miaka mitano haupewi kibali. Mchimbaji ana msimu wake, na katika majimbo mengi anatakiwa azike mbegu za matunda mekundu ya mmea pale pale alipoung'oa. Mwaka 2002 Wamarekani wakaongeza jingine: nchini mwao hairuhusiwi kuuza kitu kwa jina la ginseng kama hakitoki katika jamii ya Panax. Mmea uliokuwa ukiitwa ginseng ya Siberia ulilazimika kutafuta jina jingine. Kwa sheria hiyo, wale wanaouita mkombero wetu "ginseng ya Afrika" wasingeweza kulibandika jina hilo kwenye chupa kule.

Je, tunaweza kuipanda Mkolani? Hapana. Mbegu na mzizi vinahitaji miezi ya baridi kali ndipo vizinduke, na Mwanza, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini karibu kabisa na mstari wa Ikweta, haina baridi hiyo hata usiku wa Julai. Atakayekuuzia mbegu za ginseng za kupanda kando ya Ziwa anakuibia.

Mkombero ni habari nyingine. Huu ni wa kwetu kuanzia Guinea hadi Afrika Kusini, na mazingira yanayozunguka Ziwa Victoria ni nyumbani kwake. Ni mmea unaotambaa na kukwea miti, mita tatu hadi sita na zaidi. Majani yake ni makubwa, yenye umbo la moyo, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Ukikwangua shina linatoa utomvu mweupe. Maua yana rangi ya zambarau iliyokolea, kingo zake kijani-njano, na tunda ni maganda mawili yaliyoshikana yanayopasuka yakikauka na kuachia mbegu zenye nywele laini za kupeperushwa na upepo. Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew ya Uingereza, aliuandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1871 kutokana na sampuli zilizotumwa kutoka Afrika Kusini. Jina lake la sasa, Mondia whitei, limetokana na Wazulu wanaouita umondi na mtu aliyeitwa White aliyeuokota.

Kwa ginseng hauna undugu wowote. Viungo maarufu vya ginseng, vinavyoitwa jinsenosaidi, havimo. Kinachoutambulisha mkombero ni harufu. Ukiuvunja mzizi mbichi, chumba kizima kinanukia vanila, na si bahati: kiungo kinachotoa harufu hiyo ni ndugu wa karibu wa vanilini kwa umbo la kemia. Ladha inaanza na uchungu kidogo na ukali wa tangawizi, halafu utamu unakuja polepole na kubaki ulimini.

Wanaoujua vizuri kuliko wote ni majirani zetu wa magharibi mwa Kenya. Kwa Waluhya wa Kakamega mzizi huu si dawa ya kificho. Wazee huutafuna barazani, mgeni wa heshima hukaribishwa nao, na anayetoka kwenye pombe huutafuna asubuhi ili kichwa kitulie. Hutumika kuleta hamu ya kula, kutuliza tumbo, na kuwasaidia waliojifungua. Nairobi utawakuta wachuuzi wakitembea na sinia lenye karanga za kukaanga upande mmoja na vipande vya mkombero upande mwingine, wateja wakinunua vyote viwili mchana kweupe bila aibu. Uganda huuzwa masokoni, hulowekwa kwenye vinywaji, na unga wake hutiwa kwenye chai. Malawi huuita gondolosi. Huku kwetu umezama katika kundi moja na vumbi la Kongo na michanganyiko mingine ya kunong'onezana, na hapo ndipo ulipopotezewa heshima yake.

Shida ni kwamba wanaoupenda ndio wanaoumaliza. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, na wachimbaji wa mkombero humo, kama wale wa Kanada mwaka 1752, huufuata mzizi mpaka chini na kuacha shimo. Ukishang'oa shina lote hakuna kitakachoota tena pale. Taasisi ya utafiti ya ICIPE, ambayo pamoja na makao yake ya Nairobi ina kituo Mbita kwenye ufukwe wa ziwa hili hili, iliwahi kushirikiana na wananchi wanaouzunguka msitu huo kuupanda mmea mashambani na kutengeneza kinywaji cha kuchangamsha mwili kilichoitwa Mondia Tonic. Ninaitaja bidhaa hiyo kwa sababu moja tu: ilianzia kwenye shamba la mtu anayejulikana.

Hadi sasa mkombero haumo katika orodha za CITES. Kwa hiyo hakuna wa kumzuia mchimbaji isipokuwa sheria za hifadhi na dhamiri yake. Tusidhani hali hiyo haiwezi kutugeukia. Msandali wa Afrika Mashariki ulichimbwa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta ya manukato mpaka Kenya ikapiga marufuku mwaka 2007, na mwaka 2013 miti hiyo ya nchi sita, Tanzania ikiwemo, ikawekwa chini ya CITES. Tuliamka wakati magunia yameshavuka mipaka.

Sasa, kuuchagua. Mteja wa Mkolani au wa soko la Buhongwa anayekutana na mzizi unaoitwa mkombero asimsikilize muuzaji kwanza, atumie pua. Mkombero halisi hunukia vanila hata ukiwa mkavu, na harufu inazidi ukiukwangua kwa ukucha. Kama hakuna harufu, ama ni mzizi wa mmea mwingine, ama umekaa juani mpaka umekufa. Ganda la nje ni la kahawia na hutoka kwa urahisi. Chini yake kuna nyama nene yenye rangi ya maziwa, na katikati uti mgumu wa mti. Kinacholiwa ni hiyo nyama, uti unatupwa. Kwa hiyo mzizi mnene wenye uti mwembamba una faida kuliko mzizi wa ukubwa ule ule uliojaa mti. Kwepa wenye madoa meusi au harufu ya uvundo, maana huo umeanikwa vibaya na umeota ukungu. Na kwepa unga. Ukishasagwa huwezi kuona nyama wala uti, na harufu mtu anaweza kuitia.

Halafu uliza. Mwanza si mji wa kununua bila salamu: "Mwadila, mayu," kisha mwulize mzizi umechimbwa wapi, lini, na kama shina limebaki. Anayechimba mwenyewe atakujibu, tena kwa raha. Anayenunua gunia asilolijua atarudia tu kukutajia kazi ya dawa.

Mbali na boksi la dukani na mzizi wa mezani, kuna kundi la tatu nalo linahitaji kusemwa waziwazi. Maabara za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi unga na vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vya nguvu za kiume vikiwa vimechanganywa na sildenafili, ile dawa ya hospitali. Ukinywa kitu na ndani ya saa moja kikafanya kazi kama umeme, jiulize. Mizizi haina kawaida hiyo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za aina ya naitrati, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha ghafla na kumwua.

Na mkombero wenyewe, unafanya kazi? Hapa ndipo ninapogombana na wauzaji. Mwaka 2001 watafiti wa Kamerun, akiwemo Pierre Watcho, walichapisha matokeo ya panya dume walionyweshwa maji ya mzizi huu kila siku kwa wiki kadhaa. Uzalishaji wa mbegu za kiume ulishuka, na rutuba ya panya hao ikapungua. Walipoacha kupewa, hali ilirudi. Soma tena, mjomba: ilishuka. Mwaka 2008 mtafiti Fanuel Lampiao na wenzake walichapisha kazi nyingine, safari hii ya mbegu za kiume za binadamu ndani ya chupa za maabara, wakaona dondoo ya mzizi inaongeza mwendo wa mbegu hizo. Utafiti mmoja unavuta huku, mwingine kule. Wa kwanza ni wa panya, wa pili ni wa chupa. Mume na mke wanaotafuta mtoto hawawezi kujenga matumaini juu ya hayo, na aliyemeza mzizi huu kila siku kwa miezi akidhani anajiongezea rutuba ana kila sababu ya kupunguza na kwenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure kupimwa.

Ginseng ya Marekani imepimwa zaidi, na hata yenyewe haijapewa miujiza. Mwaka 2000 kundi la Toronto likiongozwa na Vladimir Vuksan lilionyesha kwamba gramu tatu zilipunguza kupanda kwa sukari ya damu baada ya kula. Mwaka 2004 utafiti mwingine ulionyesha kwamba inapunguza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwaka 2013 hospitali ya Mayo na washirika wake walitoa matokeo ya wagonjwa 364 wenye uchovu unaotokana na saratani. Waliopewa miligramu 2,000 kwa siku walipata nafuu ya uchovu baada ya wiki nane kuliko waliopewa vidonge vitupu. Angalia ginseng waliyotumia: ya Wisconsin, mzizi mtupu uliosagwa. Daktari aliweza kuupima kwa sababu alijua umetoka shamba gani na ndani yake kuna nini. Mzizi wa meza ya barabarani huwezi kuufanyia hivyo hata ukitaka, kwa kuwa gunia la wiki hii na la wiki ijayo huenda yasiwe mmea mmoja.

Kwa hiyo anayenunua boksi la ginseng Mwanza asome jina dogo la Kilatini. Panax quinquefolius ndiyo ya Marekani. Panax ginseng ni ya Korea na China. Kama neno Panax halipo kabisa, fedha yako inanunua kitu kingine. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari, au mwenye wafarini, amwambie daktari kabla ya kuanza.

Turudi shambani, kwa sababu mazungumzo ya dawa bila jembe ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mwanza hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, vuli ikianza Oktoba na masika yakija Machi. Kwa mkombero kiasi hicho kinatosha kwa shida, kwa sababu mmea huu unapenda unyevu wa kudumu na kivuli cha wastani. Ungekuwa na raha zaidi Bukoba. Lakini Mkolani ina sehemu zake. Wasukuma tangu zamani wamepanga udongo kwa kushuka mlima: juu kabisa kwenye mawe, kisha luseni yenye mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye hayo mawe, kisha itogolo, kisha mbuga nyeusi bondeni. Mbuga itauzamisha na kuuozesha mzizi wakati wa masika. Luseni ya chini, karibu na pale maji yanapochuruzika kutoka kwenye majabali, ukiichanganya na samadi iliyooza vizuri, ndiyo mahali pake. Mchanga una faida moja kubwa kwa zao la mizizi: unaruhusu mzizi unenepe na unachimbika bila kuuvunja.

Mbegu zipandwe zikiwa mpya. Zikikaa muda mrefu hupoteza uhai. Zikiwa mpya huchipua ndani ya wiki chache kwenye kitalu chenye kivuli. Asiye na mbegu anaweza kutumia vipande vya shina vyenye vifundo. Mche uhamishwe mvua zikishakolea, upandwe chini ya mwembe au mparachichi ulioko uani, au kwenye ua wa miti hai, ili upate pa kukwea. Usipoupa mti utatambaa chini na mbuzi watamaliza majani, mifugo huyapenda. Ukame wa Juni hadi Septemba ndio mtihani. Tandaza nyasi kavu shinani, na maji ya kuoshea mboga yaende huko badala ya kumwagwa njiani.

Wakulima wa magharibi mwa Kenya huanza kuvuna baada ya miaka miwili hivi. Hapa ndipo pa kuwa mkali: chimbua upande mmoja tu, kata mizizi mnene ya upande huo, rudishia udongo, acha shina na mizizi ya upande wa pili. Mwaka unaofuata geukia upande ule mwingine. Hiyo ni nafuu ambayo mkulima wa Wisconsin hana. Yeye akivuna, mmea umekwisha na shamba limechoka. Osha mizizi haraka bila kuiloweka, kata vipande, anika kivulini penye upepo. Jua kali hufukuza harufu, na mkombero bila harufu hauna mnunuzi.

Kwa wenye ardhi kubwa zaidi, huko Misungwi na Kwimba, kuna njia ambayo hatuhitaji kuazima kwa mtu. Ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa ili lipumzike na kuota, limekuwa desturi ya Wasukuma kwa vizazi, na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliifufua katika vijiji vingi. Ndani ya ngitili miti ya kukwea ipo, kivuli kipo, na kanuni ya nani aingie lini ipo tayari. Wamarekani walilazimika kutunga sheria ili wapate tulichokuwa nacho.

Kinachokosekana ni taasisi kuuona mzizi huu kama zao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inasajili waganga na dawa zao kupitia Baraza lake, lakini haimsaidii mtu kupata mche safi. Kazi hiyo ni ya watafiti wa kilimo. TARI Ukiriguru, pale Misungwi, ilijijengea jina kwa pamba. Hekta moja ya majaribio ya mkombero, wa kutoka Bukoba, Kakamega na kwingineko, ingetuambia ndani ya miaka mitatu ni upi unaostahimili ukame wa Mwanza na wenye nyama nyingi. Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Muhimbili inaweza kupima kilichomo. Shirika la viwanda vidogo, SIDO ya Nyakato, linajua kumfundisha mjasiriamali kukausha na kufungasha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kujengwa upya.

Na wewe muuza mizizi wa Mkolani, anza na kipande cha karatasi juu ya meza yako: jina la mmea, kijiji ulikochimbwa, mwezi ulipochimbwa. Usiandike nguvu za kiume. Uza mzizi wa kutafuna, wenye harufu nzuri, kama wanavyofanya wenzako wa Nairobi na karanga zao.

Atakayetaka kupanda mwaka huu, vuli huanza Oktoba, na kitalu kinatakiwa kiwe tayari mwezi mmoja au miwili kabla.